Filamu yangu ya mama fua ina umaskini wote. Imekosa nini?

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Kayole, Nairobi. Nimemaliza filamu fupi ya dakika 14 kuhusu mama fua. Inaanza na picha ya droni juu ya mabati. Mama anaamka gizani, anavuka matope, anaketi kando ya barabara Eastleigh na akina mama wengine wakingoja kazi. Anapata nyumba, anafua kutwa, jioni anapewa nusu ya pesa. Akifika kwake anakuta mtoto amelala njaa, analia. Nimeweka violini. Mwalimu wangu wa chuo amesema hii si filamu ya uhalisia wa kijamii, ni picha za umaskini tu. Nilipoionyesha mtaani, jirani mmoja akasema haoni sababu ya kutoka nyumbani kwake aende kutazama nyumba yake. Maneno ya wote wawili yaliniuma. Uhalisia wa kijamii ni nini basi, na nimekosea wapi?

Jibu: Binti yangu, nimeitazama filamu uliyonitumia mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima sauti. Una jicho. Ile picha ya viganja vya mama vilivyokunjamana kwa maji ya sabuni sitaisahau upesi. Kwa hiyo nitakujibu kama ninavyomjibu mtu ambaye najua ataendelea na kazi hii.

Karibu na mwisho kuna sekunde kama nane ambazo nimezirudia kuliko zote. Mlango unafunguka kidogo, mkono unatoka na noti, mama anapokea, mlango unafungwa. Mkono ule hauna uso wala sauti. Hapo ndipo filamu yako ilipopotea njia. Nusu ya pesa imebaki nyuma ya mlango, nawe ukabeba kamera ukamfuata mama kwenda kumtazama akilia. Mimi nilitaka kubaki pale mlangoni. Yule ni nani? Asubuhi walipatana shilingi ngapi, na mbele ya nani? Kwa nini mama hakubisha?

Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayoibeba filamu ya uhalisia wa kijamii. Neno la kwanza, uhalisia, ulikutana nalo shuleni kwenye fasihi: mambo yaonekane yalivyo, watu waongee wanavyoongea. Hilo umelifanya vizuri. Uzito uko kwenye neno la pili. Mhusika wa kijamii hatazamwi peke yake. Anatazamwa pamoja na anaowadai na wanaomdai, mwangalizi wa ploti, soja wa geti, karatasi asiyokuwa nayo, bei ya mtungi wa maji wiki ile mfereji umekauka. Njaa ya yule mtoto ni hali. Kazi yako ilikuwa kufuatilia kinachoizalisha njaa ile upya kila asubuhi, na mikono inayopitia.

Niseme pia jambo la istilahi, kwa sababu nimeona wanafunzi wakilikosea hata kwenye mtihani. Uhalisia wa kijamii na uhalisia wa kijamaa vinatofautiana kwa irabu za mwisho tu, lakini ni vitu viwili. Huu wa kijamaa ulikuwa msimamo rasmi wa sanaa katika Muungano wa Kisovieti tangu mkutano wa waandishi wa mwaka 1934: mfanyakazi ni shujaa, kesho inang'aa, chama kinajua njia. Wa kijamii hauna chama na haukuahidi kesho. Ousmane Sembène wa Senegali, aliyekuwa kuli bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi, alisomea filamu Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alirudi Dakar akatengeneza filamu zenye watu wenye kiburi, uvivu, huruma na woga, wote ndani ya mtu mmoja.

Sasa nikuonyeshe ninachomaanisha kwa mashuka, maana mama wa filamu yako anashika mashuka ya watu siku nzima.

Katika Ladri di biciclette (Wezi wa Baiskeli) ya Mwitaliano Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, Roma imetoka vitani na kazi hakuna. Antonio anapata kibarua cha kubandika mabango, sharti awe na baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka ya kitandani, anayafunga, wanakwenda kuyaweka rehani ili baiskeli ikombolewe. Karani anayapokea. Kisha tunamwona mfanyakazi wa pale akipanda rafu ndefu zinazoelekea darini ili akayaweke, na rafu zote zimejaa mabunda ya mashuka ya watu wengine. Picha hiyo ni ya muda mfupi mno. Hakuna anayelia, hakuna anayesema lolote kuhusu ugumu wa maisha, lakini pale ndipo unapojua kuwa mji mzima unalala bila shuka. Shida ya mtu mmoja imegeuka kuwa ya maelfu bila mtu kuhutubia. Picha yako ya droni ilikuwa inatafuta jambo hilohilo: kuonyesha kwamba mama si mmoja. Ila droni inaona mabati tu. Rafu inaona familia moja moja, kila moja na bunda lake.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Sembène, katika Mandabi ya mwaka 1968, anatuonyesha mzee Ibrahima Dieng, hana kazi, ana wake wawili, ametumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia barabara kule Paris. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe ambayo mzee haijui sawasawa, na picha ya pasipoti inataka pesa ambazo hana mpaka hawala ilipwe. Wakati huo majirani wameshapata habari, kila mmoja anakuja na shida yake. Mzee anazunguka ofisi hadi ofisi akiwa amevaa kanzu yake nzuri, na watazamaji wanacheka, wanacheka kweli, mpaka kicheko kinawakwama kooni. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya kitambulisho Nairobi anaijua filamu hii kabla hajaiona. Hakuna mtoto anayelia kwa njaa pale. Kuna dirisha la posta, na mtu aliyesimama upande usio wake.

Nilipokuwa na umri kama wako nilitengeneza filamu kuhusu watoto wanaookota plastiki kwenye jaa la Dandora. Niliweka moshi, ndege wale wakubwa, na watoto peku. Tukaionyesha kwenye ukumbi wa kanisa jirani. Mama mmoja, ambaye mwenyewe alikuwa anaishi kwa kuokota, alisimama akaniuliza: "Mbona hukufuata gunia?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba gunia likijaa linapelekwa kwenye mizani, mwenye mizani ndiye anayepanga bei ya kilo, na mizani yake wote wanajua imechezewa, lakini ndiye huyohuyo anayewakopesha mtoto akiugua. Nilikaa Dandora wiki tano na mizani ile sikuiona. Niliiona kila siku, nilipita kando yake, ila macho yangu yalikuwa yamejaa moshi. Sijawahi kuionyesha tena filamu ile.

Mama yule ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kufuata gunia. Wewe fuata noti.

Ukiifuata, utakutana na jambo ambalo wapiga filamu wengi wazuri wa moyo wanalikwepa: anayemdhulumu mama fua mara nyingi si tajiri. Nairobi hii mama fua anaajiriwa na karani, na mwalimu wa shule ya binafsi, na msichana wa duka la simu ambaye mshahara wake umechelewa na ujumbe wa mkopo wa simu umeingia saa nne asubuhi. Ametoa nusu kwa sababu nusu nyingine imeliwa na deni kabla hajaigusa. Pengine ana aibu, ndiyo maana mlango haukufunguka wote. Ukinionyesha uso wake, sitamsamehe, lakini nitauona mji unavyofanya kazi: presha inashuka ngazi kwa ngazi mpaka inamfikia asiyekuwa na wa kumsukumia.

Na huyo wa mwisho naye humsukuma mwenzake. Wale akina mama wa Eastleigh umewapanga kama kwaya, wote kimya, wote wema, wote wana huzuni. Nimepita pale asubuhi nyingi. Wanacheka, wanachambana, wana utaratibu wa nani alitangulia. Gari likisimama, na mteja akitaja bei, kuna anayesema mia tano na kuna anayemkata kwa mia nne. Yule wa mia nne ana sababu. Ndugu wawili Wabelgiji, Jean-Pierre na Luc Dardenne, walilitazama jambo hilo bila kupepesa katika Rosetta, iliyoshinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 1999. Msichana anatafuta kazi kwa ukali kiasi kwamba rafiki yake wa pekee anapotumbukia majini, anasita kumwokoa, maana akizama nafasi yake kwenye kibanda cha kuuza keki itabaki wazi. Baadaye anamchongea kwa mwajiri na kazi anaichukua. Tunamchukia kwa dakika chache kisha tunagundua tungekuwa sisi. Mama wako hajafanya kosa lolote ndani ya dakika 14. Binadamu wa namna hiyo hatujawahi kukutana naye, na ndiyo sababu machozi yake hayakutufikia.

Hapo namgeukia jirani yako, ambaye nadhani amekupa maoni bora kuliko ya chuoni. Ana haki. Njaa anaijua, matope anayajua, huna jipya la kumwambia upande huo. Asichokijua ni yaliyosemwa nyuma ya ule mlango. Hajui hesabu ya yule karani. Hajui yule mama wa mia nne alimwambia nini mwenzake jioni walipokutana tena stendi ya matatu. Mtu hutoka nyumbani kwenda kutazama maisha yake iwapo kuna upande wake ambao hajapata nafasi ya kuuona. Mwaka 2012 watu wa Nairobi walikwenda kuitazama Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, na mtaa wa River Road waliujua, na kuporwa mjini walikujua. Walichokipata ni mnyororo: kijana anang'oa vipuri vya gari, vipuri vina mnunuzi, na polisi wana fungu lao. Filamu ile ina mbio na bastola ambazo mimi ningezipunguza, lakini mnyororo ule ni wa kweli, na kila mtu ukumbini alijua yeye yuko pete ya ngapi, pamoja na yule aliyewahi kununua kioo cha pembeni kwa bei nafuu bila kuuliza kilitoka wapi. Mwaka uliofuata Judy Kibinge, katika Something Necessary, alimweka mwanamke anayejenga upya maisha yake baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 katika filamu moja na kijana aliyekuwa miongoni mwa wavamizi. Kijana yule angeweza kuwa mkono usio na uso. Kibinge alimpa uso, na filamu ikawa ngumu kuisahau.

Kuhusu ufundi nitapita haraka, kwa sababu ndilo jambo linaloulizwa sana na lisilo na uzito sana. Kamera kutikisika hakumfanyi mtu awe wa kweli. Katika Rosetta kamera inatikisika kwa kuwa msichana anakimbia na mpiga picha yuko kisogoni kwake. Katika Kes, filamu kuhusu mvulana wa shule ambayo Mwingereza Ken Loach aliipiga mjini Barnsley na kuitoa mwaka 1969, mpiga picha Chris Menges alisimama mbali na kutumia lenzi ndefu ili watoto wasahau kuwa wanatazamwa, na kamera imetulia. Waigizaji wasio na ujuzi ni njia mojawapo, si sheria. De Sica alimchukua mfanyakazi wa kiwandani, Lamberto Maggiorani, akamwacha Cary Grant, nyota wa Hollywood ambaye mtayarishaji mmoja wa Marekani alimtaka, kwa sababu alihitaji mwendo wa mtu wa kazi. Wewe una mama anayejua kukamua shuka kwa mkunjo mmoja wa kiuno. Huo ndio utajiri wako. Violini iondoe. Acha sauti ya maji, redio ya jirani, mhubiri wa kanisa la mabati na mtu anayechomelea geti.

Ila kuna jambo la ufundi ambalo sitalipita. Kazi yenyewe ya kufua umeikatakata: beseni, kamba, jua, beseni, jua limezama. Sekunde arobaini. Umesema filamu ni kuhusu mama fua, na kufua hatujakuona. Tafuta Umberto D., De Sica tena, mwaka 1952. Kuna asubuhi moja ambapo Maria, kijakazi, anaingia jikoni. Anawasha jiko, anawamwagia maji sisimizi waliopanda ukutani, anakaa kusaga kahawa, ananyoosha mguu ili asukume mlango kwa ncha ya kidole bila kuinuka. Ni mjamzito na hana pa kwenda. Hatuambiwi chochote. Muda unapita jinsi unavyompitia yeye, na ghafla machozi yanaonekana huku mkono unaendelea kusaga. Mpe mama fua wako dakika tatu nzima na shuka moja zito la watu wawili, bila kukata. Tuhesabu naye. Saa ile noti inapotoka mlangoni ikiwa nusu, mtazamaji atakuwa na mgongo unaouma, na hatahitaji kumwona mtoto.

Filamu hiyohiyo ndiyo iliyomfanya Giulio Andreotti, aliyekuwa anasimamia mambo ya filamu serikalini Italia, amlaumu De Sica hadharani kwa kuichafulia nchi jina. Lawama zile zinakumbukwa hadi leo kama kesi ya kuanika nguo chafu hadharani. Utaisikia lugha hiyo hapa pia, siku utakapoufungua mlango ule. Ukionyesha matope tupu hakuna atakayekukasirikia. Matope hayamtaji mtu. Hiyo nayo ni njia ya kupima filamu yako.

Usitarajie pia kwamba filamu itabadilisha sheria. Watu hupenda kusimulia kuwa Cathy Come Home, ambayo Loach aliipiga kwa ajili ya BBC na ikaonyeshwa Novemba 1966, ndiyo iliyozaa Shelter, shirika la kutetea wasio na makao Uingereza. Shelter ilizinduliwa wiki chache baadaye, lakini waanzilishi wake walikuwa tayari wanaiandaa. Filamu iliwakuta watu milioni 12 hivi wakiwa mbele ya runinga, ikawaonyesha familia ikiteremka hatua kwa hatua: ajali kazini, kodi, kufukuzwa, makazi ya muda, mpaka watoto wanachukuliwa kwenye kituo cha treni. Kila hatua ilikuwa na ofisi yake na sababu yake inayoeleweka. Watazamaji waliweza kunyoosha kidole kwenye ngazi na kusema, hapa ndipo angeweza kushikwa mkono. Kazi hiyo filamu inaiweza.

Kuna jambo ambalo sikubaliani na Loach, na nalisema kwa sababu utakutana na filamu zake na unaweza kumpenda kupita kiasi. Katika Kes, wavulana wanapochapwa na mwalimu mkuu, viboko vile vilikuwa vya kweli. Onyesho ni zito, mmoja wao ni mdogo mno na analia machozi halisi. Mimi nisingefanya. Mama uliyemrekodi alikueleza habari za mwanawe, na wewe ukamlaza mtoto yule kwenye mkeka mbele ya kamera kama mwenye njaa. Mwulize kama yuko radhi picha hiyo izunguke kwenye simu za darasa zima la mtoto wake. Akisita hata kidogo, itoe. Pia mlipe siku zake za kazi alizopoteza akikuigizia, bei ileile ambayo filamu inadai alinyimwa.

Sasa ninachokuomba. Rudi Eastleigh siku tatu bila kamera, ukae na wale akina mama tangu saa kumi na mbili. Sikiliza wanavyopatana bei, nani anaitwa kwanza, soja anataka nini ili awaruhusu kuingia ghorofani, maji yakikatika katikati ya kazi hasara ni ya nani. Andika kwa Kiswahili chao na Sheng yao, usiwasafishie. Kisha mtafute mwanamke anayeajiri mama fua, mtu wa kawaida, umwombe akuonyeshe matumizi yake ya mwezi. Kutokana na hayo mawili andika onyesho moja tu, la mlangoni. Fungua mlango wote. Waache wazungumze mpaka mmoja aishiwe maneno, na usiamue mapema ni nani. Ukurasa mmoja ukitosha, sawa. Zikifika kurasa sita, usizikate bado. Nitumie kabla hujakodi kamera.